Jiko Lisilonukia Mkate

Hebu niambieni, ninyi mliokaa hapa: mtu akinunua jiko, ananunua moto au ananunua jina?

Msinijibu haraka. Najua jibu mlilo nalo mdomoni. Ni zuri, na ndilo hilohilo alilokuwa nalo Melania siku alipotoka nyumbani kwenda madukani.

Mwanamke huyu alikuwa na mama mkwe asiye na meno. Bibi Nakundwa aliwahi kuwa na meno ya kutafunia mua, lakini uzee ulimpokonya moja baada ya jingine, ukamwachia fizi na ulimi mkali. Chakula pekee kilichopita kooni kwake bila vita kilikuwa mkate wa maziwa, ule laini, unaochovywa kwenye chai ukalegea. Mkate huo aliuoka binti yake Kezia, mjane aliyerudi kwao baada ya mumewe kufa na shemeji zake kugawana hadi mabati ya nyumba. Kezia aliishi chumba cha uani, na aliokea uani, kwa njia mnayoijua nyote: makaa chini, sufuria katikati, na makaa mengine juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu, na mwokaji ameinama pembeni anapuliza. Mkate ulitoka mzuri. Kifua cha Kezia kilitoka kibaya. Alikohoa akikanda unga, akakohoa akipuliza makaa, hata siku moja Bibi Nakundwa akausukuma mkate mbali. Alisema hawezi kuendelea kula mapafu ya mwanawe.

Basi ukoo ukakaa, ukachanga. Hata yule mjomba ambaye siku zote mchango wake ni ushauri, safari hii alitia mkono mfukoni. Zefania, mume wa Melania na kaka mkubwa wa Kezia, alimkabidhi mkewe kazi ya kuchagua, kwa kuwa Melania alisifika kwa kujua vitu vizuri. Agizo lilikuwa fupi: jiko la umeme, lioke mkate wa mama, limtoe Kezia kwenye moshi. Lishikeni agizo hilo ninyi, maana Melania alilisahau kabla hajafunga geti.

Msidhani alikuwa mvivu. Alizunguka duka kwa duka, wiki baada ya wiki, akilinganisha. Alilinganisha kioo na kioo, kitasa na kitasa. Alijua la Kituruki lina taa ngapi, na la Kiitaliano linalia vipi likimaliza kazi. Jioni aliyaeleza mezani, na watu wa nyumba wakaanza kugawanyika kama washabiki wa mpira. Zefania akawa upande wa Waturuki. Mjomba akaapa kwa Waitaliano, watu ambao hajawahi kukaa nao hata kwenye foleni. Walikejeliana, wakapigiana meza, chai ikapoa. Na dirishani, kama mmoja wao angegeuza shingo tu, angemwona Kezia amepiga magoti, anapuliza makaa.

Katika duka moja, kwenye kona karibu na mlango wa stoo, kulikuwa na jiko dogo la Kichina ambalo jina lake halikuwahi kumsumbua mtu. Jiko hilo lilikuwa linawaka. Muuzaji wa pale, mama mnene mwenye kanga kiunoni, alikuwa ameweka viazi vitamu ndani yake, chakula chake cha mchana. Akatoa kimoja, akakipasua, mvuke ukapanda.

“Onja, mwanangu,” alimwambia. “Jiko linajieleza lenyewe.”

Melania alirudi nyuma, akausogeza mkoba wake mbali na kiazi. Jiko la dukani limeshapikiwa, alijisemea, limeshaingia harufu za watu. Akatoka pale kama aliyefumania jambo la aibu. Nawaomba tusimame hapo kidogo. Jiko pekee aliloliona likiwa na moto ndani ndilo alilolikataa, na alilikataa kwa sababu lilikuwa na moto.

Alilolipenda, katika duka jingine, liliitwa Hartenau. Lilikuwa la Kijerumani, jeusi, liking'aa kiasi kwamba mtu akisimama mbele yake anajiona yeye. Labda ndiyo sababu. Mwenye duka, tumpe haki yake, alimuuliza swali la kweli: umeme wa kwenu ni wa aina gani? Kisha akamweleza bila kumficha. Jiko hili ni kubwa, linataka umeme wa njia tatu, kama ule wa mashine ya kusaga. Kwa umeme wa kawaida wa majumbani haliwaki. Ukiligusa tu, swichi kuu inaruka, nyumba nzima inazima. Akamshauri achukue jingine, dogo.

Melania alielewa. Angekuwa mjinga ningemhurumia, lakini alielewa kila neno. Ila pembeni yake alikuwa amesimama mama mmoja wa mjini, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akilitazama jiko hilohilo. Melania hakutaka mama yule, asiyemjua kwa jina wala kwa kabila, amwone kuwa ni mtu ambaye umeme wa kwao hautoshi.

“Kwetu upo,” alisema.

Jiko likapanda pikapu. Dereva aliombwa aendeshe polepole mtaani, eti lisigongwe. Majirani wakaja kulitazama. Waliuliza limetoka wapi, wakaambiwa Ujerumani, wakasema eee, wakatoka wameridhika kama waliokula. Nimeuliza sana, na sijampata hata mmoja aliyewahi kuuliza linaoka nini.

Siku ambayo hakukuwa na mtu nyumbani, Melania alimwita fundi. Fundi akaliunganisha, akazungusha kitufe, na nyumba ikanyamaza. Friji ikanyamaza, redio ikanyamaza. Fundi akarudia maneno ya mwenye duka, karibu neno kwa neno. Melania akampa soda baridi, akamwomba asiwachanganye watu na habari za kitaalamu, na fundi naye alikuwa mtu anayeheshimu soda. Alipoondoka, Melania alichukua kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni, akakitandika juu ya jiko. Akaichukua na sufuria nyeusi ya Kezia kule uani, akaisukuma ndani ya jiko, akafunga mlango. Jioni akatangaza kwamba habari ya moshi katika nyumba hii imekwisha.

Alikusudia kusema ukweli wiki itakayofuata. Naamini alikusudia. Lakini wiki iliyofuata mchungaji alikuja kuliombea jiko. Aliweka kiganja juu ya kitambaa, akafumba macho, akaomba kwamba moto wake usizimike kamwe. Wote wakaitikia amina, na Melania akaitikia kwa sauti kuliko wote. Baada ya amina ile, ungemwambia nini mtu?

Ikawa kila alfajiri Melania anakwenda bekari ya njia panda. Ananunua mkate, anauvua karatasi yake, anaufunga kwenye taulo la jikoni, anafunga mlango na kugonganisha vyombo. Kezia akitaka kusaidia anazuiwa. Joto la jiko hili si la kifua chako, wifi, aliambiwa, wewe pumzika. Na Kezia akamshukuru. Mungu atusamehe, alimshukuru kila asubuhi.

Mkate wa bekari una ganda. Ganda lilimkwaruza Bibi Nakundwa fizi, naye akawa anauchovya mpaka unakuwa uji, anakunywa kidogo, anabakiza. Kanga yake ilianza kumzunguka zaidi ya ilivyokuwa. Hakulalamika kwa sababu aliamini mapafu ya mwanawe yamepona kwa gharama ya ganda hilo. Siku moja Zefania aliuliza, kama mtu anayeota, mbona siku hizi nyumba hainukii mkate. Mjomba alimjibu papo hapo kwamba huo ndio ufundi wa Wajerumani, hata harufu wameidhibiti. Na watu wazima, wenye vyeti ukutani, wakatikisa vichwa kukubali.

Jumamosi moja Melania alikwenda na kwaya usharika wa jirani. Aliondoka mapema mno, bekari ilikuwa haijafunguliwa. Hadi mchana Bibi Nakundwa alikuwa hajaweka kitu tumboni isipokuwa chai. Kezia akaenda uani kuwasha makaa, akaitafuta sufuria yake, hakuiona. Akarudi jikoni. Alisimama mbele ya lile jiko muda mrefu, kama mtu anayesimama mlangoni pa mkubwa wake. Kisha akakunja kitambaa, akazungusha kitufe, ili lipate moto wakati yeye anakanda. Redio ilikatika katikati ya neno. Nyumba yote ikazima.

Jioni wifi yake aliporudi, Kezia alimpokea getini, akamweleza mwenyewe: njaa ya mama, kitufe, umeme kukatika. Hakuacha kitu. Na hapo, ndugu zangu, Melania aliona njia. Hakuhitaji hata uongo mrefu. Alijishika kichwa tu, akasema, “Wifi, umeniunguzia jiko.”

Ule uongo aliokuwa anauzungusha bila makao tangu dukani, leo umepata mgongo wa kupanda. Na mgongo ulikuwa wa mjane.

Ukoo ulikaa Jumapili, baada ya ibada, watu wakiwa bado na nguo za kanisani. Msiniulize kwa nini watu huhukumu vibaya zaidi wakiwa wamevaa vizuri. Walisema Kezia ana mkono mzito. Walisema kitu cha watu wa Ulaya hakiguswi na mtu aliyezoea makaa. Shangazi mmoja akakumbusha, kwa sauti ya chini inayokusudiwa isikike, kwamba hata mume alimfia mikononi. Ikaamuliwa ahamie kwa mdogo wao, mji wa mbali, ambako angesaidia kulea. Bibi Nakundwa aliuliza ni nani atakayemkandia unga. Alijibiwa kwamba jiko litatengenezwa. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akavuta kanga yake akajifunika mabega, kama mtu aliyekwisha kuuona msimu unaokuja.

Kezia alipiga magoti mbele ya Melania.

“Nisamehe, wifi. Nimewaharibia kitu mlichoninunulia mimi.”

Melania alisema amemsamehe. Alilisema neno hilo, nanyi mmelisikia.

Ili hukumu isionekane ya uonevu, Zefania akataka wazee wajionee hasara kwa macho. Akawapeleka jikoni, wakajipanga kando ya ukuta. Akakiondoa kitambaa, akaufungua mlango wa jiko kwa mara ya kwanza tangu lilipoingia katika nyumba yake. Hakukuwa na masizi. Palikuwa na sinia za kuokea, zimefungwa kwenye nailoni ya kiwandani, imebana pande zote, bila hata alama ya kidole. Nyuma ya sinia palikuwa na sufuria nyeusi ya Kezia. Zefania alitoa sinia moja, akaigeuza huku na huku. Mtu aliyesomeshwa na kijiji kizima angeweza kusoma kile alichokishika. Lakini kuna mambo mtu hayasomi kwa sababu yameandikwa na mke wake. Akamgeukia dada yake.

“Yaani Kezia, uliliwasha bila hata kutoa nailoni?”

Wazee wakaguna. Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema makaa yamempofusha mtoto huyu.

Kezia aliitazama nailoni. Akaitazama sufuria yake. Kisha akainua macho kwa wifi yake, na Melania akaona kwamba sasa anajua. Alingoja aseme. Alitamani aseme, ili apate wa kubishana naye. Kikohozi kilimpanda Kezia, kilekile ambacho jiko lilinunuliwa ili kikome, naye akajiziba mdomo kwa pindo la kanga asije akawakatiza wakubwa mazungumzo yao. Bibi Nakundwa alijikongoja hadi kwenye jiko. Alinyoosha mikono yake miwili ndani, akaitoa ile sufuria yenye masizi, akaikumbatia juu ya gauni lake jeupe la kanisani. Hakumtazama mkwewe. Hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

Melania alikuwa bado na nafasi ya kunyamaza. Nafasi ilikuwa kubwa, wote walikuwa wameshamwandalia. Katika kile kioo cheusi alijiona yeye, na nyuma yake ukoo mzima ukimwangalia Kezia.

“Mwacheni,” alisema. “Kezia hajaunguza kitu. Jiko hili halijawahi kuwaka hata siku moja, na mimi nilijua tangu dukani.”