Mtamba wa Shemhilu

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana mafuta ya kupikia yalikwisha kuja kwa madumu, alikuwako mkulima mmoja wa milima ya Usambara aliyeitwa Shemhilu. Kwa miaka hamsini alishuka bondeni kuchota maji, akaupanda mlima tena. Alishuka kupalilia maharage, akapanda. Alikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu, naye alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha siku tisa mfululizo, mlima ukaporomoka. Nyumba zikafukiwa, na mdogo wake Shemhilu akafukiwa nazo. Waliobaki wakahamishiwa tambarare, kando ya barabara kuu, wakaambiwa, "Hapa mko salama."

Salama kweli! Bomba la maji lilikuwa mlangoni, Shemhilu akakaa. Shamba hakuwa nalo, akakaa. Gari la msaada lilileta unga mweupe, sukari na mafuta, akala. Jirani akafungua kibanda cha chipsi, akala. Na kila alipomkumbuka mdogo wake na machozi kumlenga, alimwomba mkewe, Mama Hoza, chapati mbili, akala nne.

Mwaka wa sita mkanda wake haukuwa na mahali pa kutobolewa tundu jingine. Kabla watu hawajamtania, alijitania mwenyewe. "Mlima ulinikosa kule juu," alisema akijipapasa kitambi, "nami nikaona nitaukosa, nikajijengea wangu."

Ndipo akaja muuguzi wa zahanati, Veneranda, kuwapima waliohamishwa. Alipofika kwa Shemhilu akatikisa kichwa.

"Babu, shinikizo la damu liko juu. Na lehemu, yale mafuta ya ndani ya damu, imepita kiasi. Mishipa ya moyo itaziba. Wala si wewe peke yako. Tangu mletwe huku, nyumba nyingi ni hivi hivi."

Akampa vidonge. Shemhilu akacheka. "Binti yangu, mtu aliyeukimbia mlima auawe na chapati?" Akavitupa nyuma ya sanduku.

Rafiki yake tangu utotoni, Kupaza, akawaza: huyu hasikii dawa, labda atasikia asali, apande mlima apungue. Akamwambia, "Ndugu yangu, mzinga wako wa nyuki kule juu mlimani umesalia. Umejaa!" Ulikuwa uongo mtupu. Shemhilu akashika fimbo, wakapanda. Hawajafika nusu ya njia, kifua kikambana kama kilichofungwa kamba, jasho la baridi likamtoka, akaanguka.

Kupaza akambeba mgongoni, akashuka naye akitweta.

"Pole, ndugu yangu," Shemhilu akanong'ona. "Umenibeba mimi pamoja na chapati za miaka sita. Mungu shahidi, nikipona, yule mtamba wangu mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado, ni wa huyo atakayeniponya."

Akalazwa wiki mbili, akarudi. Kila jioni Veneranda alikuja, akasimama mbele yake mpaka kidonge kimepita kooni. Mama Hoza akalitoa karai la kukaangia jikoni, akalifanya la kunyweshea kuku. Mezani ukabaki mchicha wa kuchemsha. Kupaza akamtembeza kila asubuhi, leo mpaka msikitini, kesho mpaka darajani. Mwaka ukapita, akapimwa: lehemu imeshuka, moyo unapiga sawasawa, na suruali inamdondoka.

Nadhiri ilikwisha kuvuma, wote watatu wakaja kudai mtamba.

Veneranda akasema, "Mimi ndiye niliyeuona ugonjwa. Usipomwona nyoka, utampigaje?"

"Ulimwambia kwa haraka ukaenda zako," Mama Hoza akamjibu. "Dawa zikalala nyuma ya sanduku. Mimi ndiye niliyelipindua jiko."

"Na nani aliyemkaangia miaka sita?" Kupaza akauliza. "Mimi nilimbeba. Kiuno changu hakijanyooka mpaka leo."

"Ulimbeba kutoka mahali ulipompeleka kwa uongo!" Mama Hoza akafoka. "Ungemuua!"

"Asingeanguka siku ile, angemeza dawa lini?"

Shemhilu akakohoa. "Jamani, na aliyekula mchicha usio na chumvi mwaka mzima bila kulia? Huyo hana haki?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye akacheka, kisha akainamisha kichwa, kwa kuwa nadhiri ni nadhiri, na mtamba ni mmoja. Akampa Veneranda kamba ya mtamba, kisha akaichukua tena. Akampa mkewe, Mama Hoza akasema, "Unanipa ng'ombe ninayemkatia majani mwenyewe?" Akamnyooshea Kupaza, mkono ukasita njiani.

Mpaka naondoka pale, kamba ilikuwa bado mkononi mwake. Basi nanyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi: muuguzi aliyeona akaonya, mke aliyelisha akaponya, rafiki aliyedanganya akabeba. Je, nani alistahili mtamba?