Mtungi Uliovikwa Marinda

Sogeeni. Mwenye sikio moja akae mbele, mwenye mawili ayafungue yote, maana mwishoni nitawauliza, na sitamkubali atakayesema hakusikia.

Katika bonde la Makokeni waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bibi Nakijwa alijua kulitwanga gome la mkuyu kwa nyundo ya mti mpaka likawa nguo laini kama sikio la mtoto mchanga. Mrutu, mwanamume mrefu mwenye vidole vyembamba, alijua kukunja marinda. Yeye ndiye aliyewakunjia wanawake wa bonde zima nguo zao za kuchezea ngoma, na wanaume wenzake walimcheka kwa hilo. Nangasu, mjane mfuga mbuzi, alijua kufunga. Alichokifunga Nangasu kilifunguka kwa ruhusa yake tu.

Mwaka huo Makokeni iliungua kwa jua. Maji ya bonde yalitoka mlimani, Ngurundi, kwa mfereji mmoja, na watu wa Ngurundi walikuwa wameuziba. Mahindi yalikauka yakiwa yanafika magotini. Wazee wa bonde walipopanda kuomba, Jumbe Mbaga wa Ngurundi aliwajibu hivi:

"Babu zenu walichukua mtungi wetu wa matambiko. Urudisheni mzima, nami nitafungua mfereji siku hiyohiyo. Mkiniletea vigae, msirudi tena."

Mtungi ulikuwepo bondeni, tena salama. Lakini ulikuwa mkubwa: watu wawili waliukumbatia na mikono yao haikukutana. Ukuta wake ulikuwa mwembamba kama wa kibuyu, na hakuna mfinyanzi aliyebaki duniani aliyeweza kufinyanga mwingine. Na njia ya Ngurundi mnaijua nyie? Mawe yake yanakimbia chini ya mguu. Hata mbuzi huipanda kwa kufikiri.

Watu wakajaribu kuufunga kwa mikeka usivunjike njiani. Mkeka ni bapa, mtungi ni mviringo. Wakiubana shingoni, unapwaya tumboni; wakiubana tumboni, shingo inabaki uchi. Wakaweka majani makavu, yakamwagika yote. Wakakaa chini wakatazamana.

Bibi Nakijwa akaingia ndani kwake, akatoka na gome lililokunjwa vizuri. Lilikuwa pana kuliko ua wa nyumba yake, halina kiraka, halina tundu. Alilitwanga mwaka mzima, na kila mtu alijua ni la nini.

"Bibi, hiyo si sanda yako?" Mrutu akamuuliza.

"Ndiyo sanda yangu, mwanangu. Basi nitaahirisha kufa. Chukua."

Mrutu akalitandaza gome mbele ya watu wote, wakiwemo wale waliomcheka, akaanza kukunja. Tumboni pa mtungi aliyaacha marinda yawe mapana, yapumue. Karibu na shingo aliyabana yakawa membamba kama majani ya mtama, moja likilalia jingine. Siku ya pili aliona rinda moja limekwenda upande, akayafumua yote akaanza upya. Siku ya nne vidole vilikuwa vinatoka damu, lakini mtungi ulikuwa umelivaa gome kuanzia kitako mpaka mdomoni, bila pengo. Ukilibonyeza kwa kiganja, linabonyea, kisha linainuka taratibu.

"Limekaa," akasema Mrutu, "lakini nikiliachia litafunguka. Dada Nangasu, sasa ni wewe."

Nangasu alikuwa na beberu mmoja, baba wa kundi lake lote. Alimchinja asubuhi ileile. Ngozi yake akaikata ingali mbichi, ikawa ukanda mmoja mrefu usio na kiungo, akauzungusha mtungini mara kumi na mbili, akapiga fundo ambalo hakuna aliyeona lilivyopita. Jua likaukausha ukanda, ukanda ukabana, na marinda yakatulia mahali pake.

Wakaupakia kwenye machela, wanaume wanane wakabeba, wale watatu na watu wengine wakafuata nyuma, hao, Ngurundi!

Walipofika kona ya Mawe Meusi, mchukuzi wa mbele aliteleza. Machela ikapinduka. Mtungi ukaponyoka, ukabingirika mteremkoni, ukapiga jiwe, ukaruka, ukapiga jingine, ukaruka tena, mpaka ukanasa kwenye kichaka cha miiba huko chini kabisa. Wanawake walipiga yowe. Wanaume wawili wazima walikaa chini wakalia.

Wakashuka mbio. Gome lilikuwa limekwaruzwa kila mahali, ila halikuchanika. Marinda ya upande mmoja yalikuwa yamebonyea. Wakiyatazama, yakaanza kuinuka. Ukanda haukusogea hata unene wa kucha.

"Tufungue tuone!" mmoja akasema.

"Usiguse," Nangasu akamjibu. "Ukifunguliwa hapa, tutaufungia nini? Njia bado iko mbele."

Basi wakapanda tena, wamebeba kitu wasichojua kama ni mtungi au ni vigae. Hakuna aliyeimba.

Uwanjani kwa Jumbe Mbaga, Nangasu alilifungua fundo kwa vidole viwili. Mrutu akayaachia marinda, rinda baada ya rinda. Bibi Nakijwa akalivuta gome.

Mtungi ukasimama, mzima, unang'aa.

Jumbe akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ngooo! Akaamuru ujazwe maji. Vibuyu arobaini vikaingia, na vumbi la chini yake likabaki vumbi. Yule Jumbe ambaye watoto wake mwenyewe hawakuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akashika jembe akaenda kuzibua mfereji kwa mkono wake.

Enhe! Maji yalishuka kwa vishindo, yakiwapita mbio vijana waliotumwa kupeleka habari. Bondeni hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walisikia mfereji unaguruma, wakatoka na ngoma, wakacheza ndani ya maji na nguo zao mwilini, wazee kwa watoto.

Jioni watu wa mlimani na wa bondeni wakiwa wanakula pamoja, Jumbe Mbaga akasimama.

"Kuanzia leo mfereji huu utaitwa kwa jina la mtu aliyeuleta mtungi mzima. Jina moja tu. Mfereji wa majina matatu utakuwa na wenyewe watatu, na wajukuu wetu wataanza kugombana upya."

Bibi Nakijwa akasema, "Bila gome lisilochanika, marinda yangekunjwa hewani?"

Mrutu akasema, "Bila marinda, bibi yangu, gome lako lingekuwa mkeka mwingine tu. Nani angelimeza lile pigo?"

Nangasu akasema, "Na marinda yasiyofungwa ni nguo iliyoanikwa. Yangefika kichakani peke yake, na mtungi peke yake."

Watu wakacheka, wakashangilia, wakagawanyika makundi matatu, na kila kundi lilikuwa na haki. Jumbe akawatazama wote watatu kwa zamu, akashindwa kutamka jina.

Mimi pia nimeshindwa. Haya, waamuzi ni nyinyi. Ni sanda ya Nakijwa, ni vidole vya Mrutu, au ni fundo la Nangasu? Wewe uliyekaa pale unatabasamu, anza wewe: mfereji ungeuita kwa jina la nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini?