Kioo cha Ng'ambo ya Barabara

Methali isemayo kwamba ndugu ni kufaana, si kufanana, wengi wetu tunaijua kwa mdomo tu. Tukipatwa na shida, mguu wa kwanza unaelekea kwa yule tuliyefanana naye, wa ukoo wetu, wa kanisa letu, mwenye pua kama yetu. Anayeweza kutufaa tunampita njiani, tena wakati mwingine tunampita tumenuna. Wazee walitaka tujue kwamba udugu hupimwa siku ya haja, kwa lile ambalo mtu amekutendea. Filomena Tluway, mpiga picha wa Dongobesh, aliikariri methali hii tangu darasa la tatu, lakini ilibidi apande lori la ngano kwenda Basotu na kurudi ndipo akaielewa.

Filomena alikuwa na chumba kimoja cha studio kando ya barabara. Kazi alifundishwa na mtawa mmoja wa misheni, ambaye alipoitwa kwao alimwachia kamera yake. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, ilikuwa studio ya Yahaya Shumbana, mtoto wa wafanyabiashara ambao babu yao alitoka Singida na bibi yao Kondoa. Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Yahaya aliwahi kuwaambia watu mnadani kwamba picha za Filomena zinafifia kabla mwenyewe hajazeeka. Filomena akajibu kwamba picha za Yahaya humfanya kila mtu aonekane ametoka kulazwa. Watu walicheka, lakini wao hawakucheka. Tangu siku hiyo Filomena aliacha kumpa Yahaya shikamoo, ingawa Yahaya alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. Na kwa watu wa kule, kumnyima mtu mzima shikamoo si jambo dogo.

Mwaka huo, 1974, watu wa Mbulu na Hanang walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na mama yake Filomena, Bibi Severina, alikuwa miongoni mwao. Nyumba yake ilikuwa Tlawi, tembe la zamani lililochimbwa ubavuni mwa kilima, na juu ya paa lake la udongo palikuwa pameota majani hata mbuzi walipanda kulisha. Ndani ya nyumba hiyo alizaa watoto wake wote, na karibu na mlango alimzika mumewe. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Joakimu, alikwenda mwenyewe kumweleza kwamba lori la kuhamisha mizigo lingefika Jumamosi, na kwamba nguzo za nyumba zingeng'olewa zikajengewe kule kwenye kiwanja kipya. Bibi Severina alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maziwa, kisha akatuma ujumbe kwa bintiye.

"Mwambieni Filomena sikatai kuhama," alisema. "Lakini aje anipige picha nikiwa mlangoni kabla hawajaibomoa. Macho yangu bado yanaona, ila kichwa kinasahau. Sitaki kuisahau nyumba ya baba yake."

Filomena alipofikishiwa maneno hayo alicheka, kwa sababu mama yake hakuwahi kukubali kupigwa picha maishani, halafu akalia. Aliagiza aambiwe kwamba angefika bila kukosa.

Lakini binadamu hupanga, Mungu hupangua. Jumatatu ya juma hilohilo alikwenda Maretadu kumpiga picha mzee mmoja aitwaye Bura, ambaye alitaka kusimama na dume lake la ng'ombe. Dume lilikitazama kile kigoda cha miguu mitatu kilichobeba kamera, halikukipenda, likakipiga pembe. Kamera iliangukia kwenye majani, ikapona. Lenzi ilikutana na jiwe.

"Pole, binti yangu," mzee Bura alisema kwa aibu. "Hajazoea kupigwa picha."

Kioo cha mbele cha lenzi kilikuwa kimepasuka katikati. Vipuri vya kamera siku zile vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Hata Arusha mjini ungezunguka maduka yote urudi mikono mitupu. Filomena alikaa studioni ameishika ile lenzi kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa. Kwenye ukingo wa kioo paliandikwa jina KESTORA. Ghafla akakumbuka kwamba Cornel, mtoto wa baba yake mkubwa, mtunza stoo kwenye mashamba ya ngano karibu na Basotu, aliachiwa na mgeni mmoja lenzi yenye jina hilohilo.

Verediana, mama muuza chai wa mlango wa pili, alimwona akifunga mzigo. "Basotu yote hiyo ya nini?" akamuuliza. "Si uvuke barabara? Yahaya ana lenzi nzima. Kamera yake ndiyo mbovu, iko kwa fundi Arusha tangu Pasaka."

"Lenzi yake ina jina jingine na shingo nyingine," Filomena akajibu. "Haiingii kwenye kamera yangu. Ya kaka Cornel ndiyo ndugu wa hii."

"Haya. Ila ungemuuliza tu, mdomo haulipiwi nauli."

Hakuambilika. Jumatano alfajiri alidandia lori lililokuwa likirudi mashambani, akafika Basotu mchana amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Alimkuta Cornel nje ya stoo, amechuchumaa juani, akiwasha sigara kwa ile lenzi.

"Shikamoo kaka. Ndiyo kazi uliyoipa lenzi?"

"Marahaba, mdogo wangu. Kiberiti kimeadimika, jua bado halijaadimika," Cornel akasema akicheka. Alipoelezwa habari ya nyumba ya Tlawi aliacha kucheka, akaizima sigara. "Mama mdogo hana mwingine wa kumfanyia hilo. Chukua, ifungue, ivunje ukitaka. Jina moja, mama mmoja."

Filomena aliifungua palepale juu ya meza ya mizani kwa bisibisi yake ndogo. Lakini kioo cha Cornel kilipotoka, kilikuwa kipana kuliko tundu la lenzi yake, na hata meno ya kukazia hayakulingana. Alijaribu mara ya pili, akajaribu kukigeuza, akakiweka chini. Jina lilikuwa lilelile, herufi zilezile, lakini ndani hapakuwa na undugu hata wa mbali. Cornel alimletea ugali na samaki wa ziwani, naye akaisogeza sahani kando.

"Ningekuwa na lenzi kumi ningekupa zote," Cornel alisema kwa huzuni, na alimaanisha.

Jioni alikwenda kukaa karibu na ziwa, moyo umemwishia. Ng'ombe walikuwa wakinywa maji. Alimsifu ng'ombe mmoja mweusi mwenye nundu nene mbele ya mchungaji wao, kwa kupoteza mawazo tu. "Huyo si wangu," mchungaji akasema. "Ni wa mtu wa Mbulu, ameniwekea nimtunzie. Ana alama yangu sikioni, lakini mama yake yuko Mbulu."

Filomena hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo desturi ya kwao: mwenye mifugo hawaweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja, huwagawa kwa jamaa na marafiki wa mbali ili ukame au maradhi yasiwamalize kwa mara moja. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akimchukua kwenda kuwakagua. "Usitazame zizi wala alama ya sikioni," baba alikuwa akimwambia. "Hivyo ni vya mtunzaji. Tazama pembe, tazama mgongo, tazama anavyotembea. Humo ndimo alimo mama yake."

Akaitoa lenzi yake mfukoni na kuitazama kama anavyotazamwa ng'ombe. Jina aliliacha. Akaangalia mifereji ya kwenye pete ya kulengea, ikawa imechongwa mitatumitatu na kuachiwa nafasi. Kwa nyuma kulikuwa na parafujo tatu, mbili zimekaribiana na moja imejitenga. Kati ya tarakimu za kwenye pete, namba 4 ilikuwa imechongwa wazi kwa juu. Alipokigeuza kipande cha kioo kwenye mwanga wa mwisho wa jua, kilirudisha rangi ya chai ya rangi. Cha Cornel kilirudisha zambarau, na pete yake ilikuwa na vijidoadoa.

Mifereji mitatumitatu na mng'ao wa chai. Aliwahi kuviona mahali. Kisha akakumbuka mahali penyewe, na uso ukamwaka kwa aibu. Aliviona minadani, miaka yote ile, akiikodolea macho lenzi ya Yahaya kwa kijicho. Adui humtazama mtu kwa makini kuliko rafiki.

Ijumaa mchana lori lilimshusha Dongobesh. Hakuingia hata kwake. Alivuka barabara, na Verediana akaacha kumimina chai. Yahaya alikuwa amerudi kutoka sala, amekaa mlangoni na mkewe Sauda. Filomena alipiga moyo konde, akainama kidogo.

"Shikamoo kaka Yahaya."

Yahaya aliinua macho. Angeweza kumwacha asimame hapo na shikamoo yake hewani, na hakuna ambaye angemlaumu. "Marahaba," akasema. "Sauda, lete kiti."

Filomena alieleza yote bila kuficha, hata habari ya kijicho. Yahaya aliingia ndani akatoka na lenzi yake. Ilikuwa nyeusi, ya Filomena ya rangi ya fedha. Jina lake BELVANTA. Shingo yake ilikuwa ya kukaza kama parafujo, ya Filomena ya kuchomeka na kugeuza. Kwa kuzitazama juujuu ungesema moja imetoka mashariki na nyingine magharibi. Waliziweka mkekani, zikaanza kufananishwa kiungo kwa kiungo. Mifereji mitatumitatu. Parafujo mbili zimekaribiana, moja imejitenga. Namba 4 ina juu wazi. Mng'ao wa chai.

"Baba alikuwa akiuza kamera," Yahaya alisema polepole. "Aliniambia wenye majina haya wengi hawana kiwanda. Wana maduka. Wanamwendea mwenye kiwanda wanamwambia, nitengenezee, uandike jina langu. Mwaka huu anakwenda kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Basi jina moja linakaa juu ya lenzi za viwanda vingi, na kiwanda kimoja kinatoa majina mengi. Nililijua hilo, lakini sikuwahi kutazama hivi. Hizi ni mapacha."

Hapo palikuwa na jambo ambalo Filomena aliogopa kulisema, akalisema. "Kamera yako ikirudi kutoka Arusha utaihitaji lenzi hii. Nikikitoa kioo chako, huna kazi. Na kikipasuka tunapokitoa, hatuna kazi wote wawili."

Yahaya aliigeuzageuza lenzi yake mkononi. Alikuwa na watoto wanne, na msimu ule kila aliyehamia alitaka picha. Sauda naye alimtazama, akajua mumewe anapima nini.

"Mimi nimewapiga picha watu wa nusu ya wilaya hii," Yahaya akasema hatimaye. "Mama yangu alikufa sina picha yake hata moja. Kila siku nilisema kesho, mama si yupo tu. Sasa nikifumba macho nauona mtandio, uso siuoni." Akachukua bisibisi, akaanza kuifungua lenzi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kioo kilitoka salama. Alipokipeleka kwenye lenzi ya Filomena kiliingia kwa ulaini kama mfuniko kwenye sufuria yake. Filomena aliifunga kwenye kamera, akatazama ng'ambo ya barabara, akaweza kuhesabu vikombe kwenye meza ya Verediana. Hapo ndipo alipolia waziwazi, na Sauda akalia naye.

Jumamosi walikwenda Tlawi wote wawili. Lori lilikuwa limeshapakiwa vyungu, magunia na kuku. Mzee Joakimu alikuwa amewazuia vijana wasiguse nguzo hata moja. Bibi Severina alitoka amevaa shuka lake jipya, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mhimili, uso mkavu kama wa askari.

"Bibi, shikamoo," Yahaya akamwambia. "Usiitazame kamera. Mtazame huyo aliyeijenga nyumba."

Bibi Severina aligeuza uso kidogo kuelekea kaburini. Midomo ililegea. Filomena akapiga.

Picha ilitoka safi, hata majani ya juu ya paa ungeweza kuyahesabu. Kamera ya Yahaya iliporudi kutoka Arusha, Filomena alivuka barabara na bisibisi amrudishie kioo chake. Yahaya alikataa. Alisema wakikitoa watabaki na kioo kimoja na ugomvi uleule, afadhali wawe na kioo kimoja na studio moja. Tangu hapo mmoja alipiga picha, mwingine alisafisha, na wateja hawakujua tena wamsengenye nani.

Sikukuu ya Krismasi Yahaya na Sauda walikwenda kumsalimia Bibi Severina kwenye kijiji kipya. Picha ilikuwa ukutani, mahali pa kwanza mgeni anapotupia macho. Jirani mmoja mgeni alimwona Bibi akimkatia Yahaya kipande cha mkate kabla ya watoto wake wa kuzaa, akashangaa. Akamwinamia akamnong'oneza: huyu mwenye kofia ya Kiislamu ni wa ukoo gani kwenu?

Bibi Severina hakunong'ona. "Ni wa kwangu," akasema, akaendelea kukata mkate, na hapo kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile alikubali kwamba ndugu ni kufaana, si kufanana.