Kwa Nini Fundi wa Kitoka Hulipwa Mtama

Sikilizeni, wajukuu zangu. Kabla mji wetu wa Kitoka haujawa hivi mnavyouona, mafundi waashi walilipwa vipande vya shaba, na idadi yake ilikuwa ile ile waliyolipwa babu zao. Hakuna aliyeona tatizo, maana mtama ulikuwa tele na bei yake haikupanda.

Ukaja mwaka wa nzige. Mashamba yakabaki mabua matupu. Shaba iliyokuwa ikinunua pishi nzima ya mtama sasa haikujaza hata kibaba.

Wakati huo Mwinyi Shekue, tajiri wa mji, alikuwa akimjengea binti yake nyumba ya ghorofa. Asubuhi moja msimamizi wa mafundi, Msengesi, mtu mpole aliyemjengea hata baba wa tajiri huyo, alimjia barazani, kofia mkononi.

"Bwana, wenzangu wamenituma nikuombe utuongeze ujira. Sokoni hakushikiki."

"Msengesi, mimi sikuwaita nzige," alijibu Mwinyi Shekue. "Baba yangu alikulipa hivyo hivyo na hukulalamika."

Msengesi alivaa kofia yake akarudi kazini.

Jua lilipofika utosini, Mwinyi Shekue alisikia kishindo, kisha ukelele. Alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Msengesi alikuwa chini ya ukuta, shingo imepinda, macho wazi. Jukwaa la ujenzi lilikuwa zima, wala kamba haikukatika.

"Aliteleza?" aliuliza Mwinyi Shekue.

"Hakuteleza," alisema Kibwana, fundi wa pili. "Alilewa chakula."

Akamwonyesha chungu chao. Ndani mlikuwa na ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, ambacho hakiliwi mpaka kilowekwe kwa siku nyingi. Hawa hawakuwa na subira hiyo, njaa haikuwaruhusu. Mtama kidogo walioupata waliwapelekea watoto.

Mwinyi Shekue hakuamini. Alichovya kidole, akalamba. Ulimi ukamwasha kama moto, akatema. Watu hawa walikuwa wakila sumu hii mlangoni pake, kila siku, naye akipita na kuwaitikia salamu! Alikaa chini mchangani na kanzu yake nyeupe.

Mafundi wote walishuka. Wakaweka chini zana zao, mwiko na timazi, wakamzunguka maiti wao.

"Nitawaongeza," alisema Mwinyi Shekue hatimaye. "Mara mbili. Mara tatu, jamani!"

Kibwana alitikisa kichwa. "Na bei ikipanda tena, bwana? Tukuletee maiti mwingine ndipo utuongeze? Shaba yako kaa nayo. Tulipe mtama, pishi kwa kutwa, upande bei au ushuke."

Tajiri alikubali pale pale, mbele ya watu wote, mkono wake ukiwa juu ya kifua cha marehemu. Kisha akaagiza maghala yake yafunguliwe, na pishi ya kwanza akaipeleka yeye mwenyewe, kichwani, kwa mjane wa Msengesi. Mjane aliipokea, akafunga mlango.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Kitoka akitaka kujenga hapatani na fundi kwa fedha. Hupatana naye kwa pishi. Na hakuna fundi anayepanda ukutani kabla mwenye nyumba hajamuuliza, "Umekula?", akangoja jibu.