Barua Iliyomtaka Katibu Peke Yake

Wahenga walionena kwamba kuuliza si ujinga hawakuwa wakiwafariji wajinga, bali walikuwa wakiwaonya wajuzi. Asiyejua huuliza bila kusukumwa. Anayeshindwa kuuliza ni yule acheleaye kuonekana hajui, hasa mbele ya mtu anayemwonea kijicho. Ndivyo yalivyomfika katibu wa chama cha wafumaji.

Chama hicho kilikuwa na wanachama arobaini na watatu. Kila Jumamosi alasiri walikutana katika ukumbi mdogo nyuma ya maktaba, wakafuma kofia na soksi za watoto wachanga wa hospitalini. Katibu wao, mshonaji wa nguo, alikuwa ameishika nafasi hiyo kwa miaka kumi na miwili. Mwandiko wake ulinyooka kama mshono wa cherehani, na kwa ajili hiyo wenzake walimpachika jina la Kalamu.

Mambo yalianza kwenda mrama pale wifi yake, mke wa kaka yake, alipojiunga na chama. Wifi huyo alikuwa fundi wa kompyuta. Hazikupita wiki tatu, mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyependa maneno mengi, akamwomba awafundishe wanachama namna ya kujikinga na matapeli wanaoandika barua pepe kwa majina ya watu wengine. Wanachama walimpenda mara moja.

"Wenzetu wanahangaika kutafuta wifi ya kasi," walitania, "sisi yetu inafuma na soksi!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko, isipokuwa Kalamu. Kila kicheko alikiona kuwa hatua moja ya wifi kukielekea kiti cha ukatibu.

"Jina ni kama sweta," wifi alifundisha, "mtu yeyote anaweza kulivaa. Msiishie kwenye jina la aliyeandika, tazameni anwani yake. Na mtu akikuomba siri yoyote, hata akiwa mwenyekiti, usiijibu barua. Mpigie simu umsikie mwenyewe."

"Mimi naandika barua za chama hiki tangu wewe unavaa sare za shule," Kalamu alimkatiza. "Leo nipige simu kuuliza kama mwenyekiti ni mwenyekiti?"

"Hata mimi huuliza, wifi yangu."

"Uliza wewe. Wengine tunajua kusoma."

Jumanne asubuhi, Kalamu akiwa kibandani kwake na utepe wa kupimia shingoni, barua pepe iliingia kwenye simu yake. Juu yake palikuwa na jina la mwenyekiti. "Nina jambo nyeti na nakuamini wewe peke yako," ilisema. "Nitumie orodha ya wanachama pamoja na neno la siri la barua pepe ya chama. Niko kikaoni, usinipigie. Usimshirikishe mwingine."

Barua haikumtaja wifi hata kidogo. Wivu ndio uliomtaja. Katika neno "mwingine" Kalamu aliuona uso wa wifi yake waziwazi, na moyo ukamwambia kwamba hatimaye mwenyekiti amefumbuka macho. Aliisoma mara tatu, na kila mara ilizidi kuwa tamu kama asali. Ni kweli kwamba anwani ilikuwa msururu wa herufi na tarakimu zisizo na maana. Ni kweli pia kwamba mkunga yule hakuwahi kumwandikia bila kuanza na salamu. Kalamu aliyaona yote mawili. Kidole chake kilifika hadi kwenye namba ya mwenyekiti, kikasita.

"Nikipiga," aliwaza, "nitakuwa mwanafunzi wa wifi."

Akatuma vyote alivyoombwa.

Kabla ya adhuhuri simu yake ililia. Aliyepiga alikuwa mwanachama mkongwe kuliko wote, bibi wa miaka themanini na moja.

"Mwanangu Kalamu, usinicheke. Nimepata barua yako. Unataka nikutumie tarakimu za kufungulia akaunti yangu, zilizoingia sasa hivi kwenye simu. Ni wewe kweli?"

"Barua gani, bibi?"

"Hii yenye jina lako! Si wifi yako alisema tuulize? Basi mimi nauliza."

Kalamu alimwambia asitume hata moja. Aliacha kibanda wazi, nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano, akaenda mbio hadi karakana ya wifi, mtaa wa pili.

"Wifi," alisema akihema, "nikuulize kitu."

Wifi aliisoma ile barua. Hakumsuta wala hakutabasamu. Alijaribu kufungua barua pepe ya chama, akakuta neno la siri limekwisha kubadilishwa. "Tugawane majina," alisema. "Kila mtu apigiwe simu, aambiwe asitume chochote."

Walipiga simu hadi sauti zikawakauka. Waliwawahi wote isipokuwa wanne waliokwisha kutuma tarakimu zao, ambao akaunti zao zilikuwa zimetekwa, na matapeli walikuwa tayari wakiwaandikia jamaa zao kwa majina yao. Kalamu alipomuuliza mmoja wao kwa nini hakupiga simu kwanza, alijibiwa, "Ya nini, na barua imetoka kwako?" Jibu hilo lilimchoma kuliko tusi.

Jumamosi alisimama mbele ya wenzake. "Anwani niliiona," alisema. "Nilijua la kufanya. Sikuuliza kwa sababu aliyetufundisha kuuliza ni wifi yangu."

Sindano zote zilisimama. Mwenyekiti alimshukuru kwa kusema kweli, kisha akamwomba auweke ukatibu chini na kumkabidhi wifi yake daftari. Kiti alichokilinda kwa wivu, Kalamu alikuwa amekitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Wifi alilifungua daftari, akalitazama kitambo, kisha akamwinamia Kalamu. "Wifi, kumbukumbu za kikao huanzaje? Mimi sijui."

Kijicho kilimpanda tena Kalamu hadi machoni. Alikimeza kama kidonge kichungu.

"Anza na tarehe," alisema.

Bibi aliyeuliza hakupungukiwa na kitu, na mjuzi aliyenyamaza alipoteza kile kile alichokilinda: hakika, kuuliza si ujinga.