Mmoja Abaki Nje

Mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, msinikatize hadi mwisho. Mwishoni nitawauliza neno, na sitawasaidia kulijibu.

Katika mji wa Kwemhanga, uliozungukwa na mashamba ya mkonge, walikuwapo watu watatu walioheshimika, kila mmoja kwa jambo lake.

Wa kwanza alikuwa Sajenti Kupaza, mpelelezi. Huyu hakudanganyika. Aliweza kukaa na mtu, akamuuliza habari za mvua na za watoto, na kabla chai haijapoa ameshajua kama mwenzake ana jambo moyoni. Na yeye mwenyewe uongo haukumtoka kinywani.

Wa pili alikuwa wakili, Bi Tabu Semnguruka. Huyu hakumkimbia mtu. Wezi, wanaume waliochukiwa hata na mama zao, wote aliwasimamia mahakamani. Aliuliza maswali kwa sauti ya chini, mpaka shahidi akajikuta amesema yote.

Wa tatu alikuwa Hakimu Mahimbo. Huyu hakuyumba. Zawadi hakupokea, vitisho havikumtisha. Zamani, alipokuwa mgeni kazini, aliletewa fundi baiskeli aitwaye Chambo, aliyekiri kuchoma nyumba ya jirani. Alimfunga, na Chambo akafia gerezani. Baadaye mtu mwingine, akiwa anakata roho, akasema ndiye aliyeiwasha ile nyumba. Ndipo ikajulikana kwamba Chambo alikiri baada ya kung'olewa kucha. Mahimbo akaapa kwamba neno lililotolewa kwa maumivu halitapita tena mbele yake.

Basi siku moja binti mdogo aitwaye Hidaya alitumwa na mama yake kusaga mahindi, asirudi. Watu wakaingia mashambani wakiliita jina lake. Ndoo yake ikaonekana njiani, mahindi yamemwagika.

Sajenti Kupaza akaenda kwa Mdoe, mwenye mashine ya kusaga.

"Hidaya alifika hapa?"

"Hakufika, afande."

"Mama yake anasema kila mara huja kwako."

"Watoto ni wengi. Siwezi kuwakumbuka wote."

Mji mzima ulikuwa ukimtafuta yule mtoto, na Mdoe hakuuliza hata kama ameonekana. Sajenti akajua.

Sheria ilimtaka aende mahakamani kuomba hati ya upekuzi. Ilimtaka pia amwambie Mdoe kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Sajenti alichungulia nje, akamwona Mama Hidaya ameketi chini katikati ya barabara, kanga imemdondoka na hana habari nayo. Akafunga mlango.

Alivunja kufuli la stoo na humo akakuta kandambili moja ya mtoto. Mdoe alipokataa kusema, akampiga. Alimpiga kwenye nyayo, akampiga mkono mpaka mfupa ukavunjika. Ndipo Mdoe akasema: tangi la zamani, kwenye kiwanda cha mkonge kilichofungwa.

Walimkuta Hidaya humo amefungwa kamba, midomo imepasuka kwa kiu. Alikuwa hai. Daktari alisema angelala humo usiku mmoja zaidi, wangetoa maiti. Mama Hidaya alipiga magoti, akaikumbatia miguu ya Sajenti, na ilibidi wanawake wenzake wamwachanishe naye.

Lakini Hidaya hakusema tena. Waliomfikisha mahakamani walimwuliza kwa upole, naye akaangalia viganja vyake tu. Serikali ikabaki na kandambili, tangi na maneno ya Mdoe, na vyote vitatu vilitoka nyuma ya ule mlango uliofungwa.

Mahakama ilimpangia Bi Tabu kumtetea Mdoe. Dada yake Bi Tabu akamfuata nyumbani.

"Tabu, huyu mtu unajua alilofanya."

"Najua, dada."

"Basi mwachie mwingine."

"Na huyo mwingine akimwachia mwingine? Mwisho mtu atasimama peke yake mbele ya serikali nzima. Chambo alisimama hivyo hivyo."

Dada yake alitoka bila kuaga.

Siku ya kesi Bi Tabu aliuliza machache. "Sajenti, mkono wa mshtakiwa ulivunjikia wapi?"

"Mikononi mwangu."

"Ulikuwa na hati ya upekuzi?"

"Sikuwa nayo."

"Alikiri kabla ya kuvunjika au baada?"

Mwendesha mashtaka alikuwa amemshauri aseme Mdoe alianguka akikimbia. Watu wote walitaka aseme hivyo. Sajenti akajibu, "Baada."

Hakimu Mahimbo alisoma uamuzi bila kuinua macho. "Mahakama hii haisemi kwamba mshtakiwa hakutenda. Inasema ushahidi huu ulipatikana kwa kumvunja mtu mfupa. Leo umetoa kweli. Nikiupokea kwa sababu hiyo, kesho nitapokea wa uongo nisiujue." Mdoe akaachiwa.

Alihama, akaenda mji mwingine ng'ambo ya bonde, akafungua mashine nyingine. Polisi wa huko waliarifiwa, wakamtazama kwa muda, kisha wakachoka. Kabla ya mavuno, binti wa Mzee Shemhilu alikutwa ndani ya shimo la mchanga, amekufa. Jina lake Mwanakombo. Safari hii Mdoe alikamatwa kwa hati, mbele ya mashahidi, akiwa na wakili. Kesi ilikwenda sawasawa, naye akafungwa maisha. Hakuna aliyeshangilia.

Siku ya arobaini ya Mwanakombo, wale watatu walikwenda msibani. Mzee Shemhilu aliwakuta mlangoni, akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa anawajua.

Sajenti akasema, "Mzee, ningesubiri hati, Hidaya angekufa. Ningesema uongo mahakamani, mwanao angekuwa hai. Sijui nilikosea kwa mkono au kwa ulimi."

Bi Tabu akasema, "Ningenyamaza, asingeachiwa. Lakini siku nitakayonyamaza kwa sababu mtu anachukiwa, kuna asiye na hatia atakayeozea ndani."

Hakimu akasema, "Wao walizungumza tu, mzee. Mimi ndiye niliyemwambia aende."

Ndani, watu walikuwa wakisoma hitima. Mzee Shemhilu alishika fremu ya mlango kama mtu anayejizuia asianguke.

"Mama Hidaya amekuja leo na mwanawe," alisema. "Yuko humo ndani, amekaa na mke wangu. Nimemwona yule mtoto kwa macho yangu, anapumua. Kwa hiyo siwezi kuwafukuza wote. Na wangu yuko chini ya udongo, kwa hiyo siwezi kuwapokea wote. Wawili wataingia, wakae na wafiwa. Mmoja atabaki nje, na asikanyage tena kwangu. Nimejaribu kumchagua, nimeshindwa."

Wale watatu wakatazamana. Hakuna aliyepiga hatua, mbele wala nyuma.

Nami nimewaacha hapo hapo nje. Mpelelezi aliyemwokoa mtoto kwa kuvunja sheria, kisha akasema kweli. Wakili aliyeuliza swali ambalo kila mtuhumiwa ana haki liulizwe. Hakimu aliyekataa kumfunga mtu kwa neno la maumivu, kama alivyofungwa Chambo. Je, wewe, kama ungekuwa baba wa Mwanakombo, ungemzuia nani mlangoni?