Motiben na Kiti cha Tezini

Chombo kina tezi, kina omo, na kina ngama. Tezi ni nyuma, anakokaa nahodha na watu wa kuheshimiwa. Omo ni mbele, mahali pa kutazama na kutazamwa. Ngama ni lile shimo la chini, katikati, yanakokusanyika maji yanayovuja, yananuka shombo. Sijasikia mtu apandaye chombo akaomba akae ngamani. Wahenga walijua hayo, wakasema kuwa ajitukuzaye akahangaika huku na huko, mwisho hurudi palepale pa chini pa watu wote.

Yalimfika Motiben wa Takaungu mwaka wa 1911. Mumewe, Jamnadas, alikuwa na duka la nguo, na kila mwaka, mwezi wa Agosti ukiwa mpevu, alilifunga akawapeleka watu wake mandari Kilifi kwa mashua. Ilikuwa ada ya kwao Wahindi: siku hiyo bahari hupewa nazi ili iwe pole kwa wasafiri. Na kwa miaka tisa mfululizo mwenye kuitupa nazi alikuwa Motiben. Alikaa tezini chini ya turubali, nazi iliyopakwa rangi nyekundu mapajani, na hapo alijiona ndiye mama wa nyumba.

Mwaka huo akaingia Daksha, mke mpya wa Manilal, mdogo wake Jamnadas. Miezi minne tu tangu ashuke kutoka Bara Hindi, na nyumba nzima ilikuwa imemgeukia. Hata binti wa Motiben, mtoto wa miaka sita, aliamka akimwita Daksha kabla ya kumwita mamake. Motiben alikuwa jikoni akisukuma chapati, akisikia vicheko chumba cha pili, na kijicho kikimwasha kama pilipili kwenye kidonda.

Siku mbili kabla ya safari Jamnadas akatamka, "Mwaka huu nazi ataitupa bibi harusi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Kwani mwenyeji anaumwa?" akauliza Motiben.

Asubuhi ya safari, nahodha Tsuma alisimama majini akitazama kusini. "Tutoke sasa hivi, bwana. Upepo wa leo siupendi."

Lakini Motiben alipomwona Daksha katika sari yake ya arusi, alirudi nyumbani kubadilisha ya kwake. Alipofika ufukweni akarudi tena, eti amesahau bangili.

"Shemeji," akasema Manilal, "tunakungoja wewe au tunangoja jua lizame?"

"Aliye na haraka na aogelee."

Walipotoka, jua lilikuwa limeshapanda. Daksha alikaa tezini, mtoto mapajani, nazi kando yake. Akasogea. "Kaa hapa, dada, nafasi ipo."

"Nafasi ya kusogezewa si nafasi," Motiben akajibu. Akainama kama anayepanga upindo wa sari, akainyakua nazi, akaenda zake omo.

Mashua ilipofika mlangoni mwa hori la Takaungu, bahari kuu inapoanzia, Jamnadas alifumba macho aanze dua. Kabla hajatamka neno, walisikia chubwi! Nazi ilikuwa imeshazama ikaibuka, inaelea nyuma yao. Motiben amesimama omo, kidevu juu. Jamnadas akafumbua macho, akaona aibu. Daksha akainamisha kichwa. Na Motiben, moyo wake ukawa baridi kama maji ya mtungi.

Baridi hiyo haikudumu. Upande wa kusini mbingu ikawa nyeusi kama chungu, na upepo ukawajia kwa kishindo. Mvua ikapiga kama kokoto. Wimbi la kwanza likang'oa turubali la tezini. La pili likapanda omo, likamlaza Motiben kifudifudi.

"Shusheni tanga!" Tsuma akapaza sauti. "Wote ngamani! Atakayebaki juu ataipindua!"

Motiben aling'ang'ania mbao. Aliwaza kuwa bahari imeikataa nazi ya kijicho, na mwanawe ndiye atakayelipa. Akatambaa, sari ikiraruka, mpaka akaanguka ngamani. Maji yalimfika magotini. Daksha alikuwa ameshatangulia: mkono mmoja umemkumbatia mtoto, wa pili unakumba maji kwa upo, kile kikombe kikubwa cha mti.

"Nipe mwanangu!"

"Nikimwachia, wimbi litamchukua kati yetu! Shika upo, dada! Mkono wangu umekwisha!"

Motiben akamtazama mtoto. Alikuwa ameikaza shingo ya Daksha, wala hakugeuka kumtafuta mama. Hata hapo, mauti yakiwa mkabala, kijicho kilimchoma. Kisha akaupokea upo, akakumba. Jamnadas na Manilal nao wakakumba kwa sufuria na kilemba, Tsuma akiushikilia usukani kwa kifua. Hapakuwa na mkubwa wala mdogo, maana maji yalikuwa yakiingia upesi kuliko yanavyotoka.

Ilikuwa karibu na alasiri walipoingia hori la Kilifi, na maji yakatulia kama mafuta. Viganja vya Motiben vilikuwa malengelenge matupu.

"Nazi ile niliitupa kwa kijicho," akasema.

"Mimi nilikuwa naogopa kuitupa," Daksha akajibu. "Nilitaka nikuombe unionyeshe. Ukanipita."

Mtoto alikuwa amelala shingoni mwa Daksha. Motiben akanyoosha mikono amchukue, akairudisha, akamwacha alale.

Siku ya tatu ilikuwa ya kurudi. Manilal alimshika Motiben mkono kumpandisha.

"Haya, shemeji, chagua mapema. Tezi au omo?"

"Huko kote nimeshakwenda," akasema. Akakunja sari yake iliyoraruka, akashuka chini akakaa, akamsogezea Daksha nafasi. Tsuma akang'oa nanga. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.